Hesabu ya Vitabu na Hesabu ya Silabi: Tathmini ya Juhudi Mbili za Kuwapa Watoto Usomaji wa Kiswahili

Ripoti za mashirika ya hisani yanayosaidia watoto wa Afrika kujifunza kusoma hufanana sana. Hutaja idadi ya vitabu vilivyochapishwa, shule zilizofikiwa, walimu waliopewa mafunzo, na mara nyingi idadi ya maneno ambayo mtoto anaweza kuyasoma kwa dakika moja kabla na baada ya mradi. Wafadhili huhitaji takwimu hizo, na hakuna ubaya kuzitoa. Kisichotajwa ni aina ya Kiswahili kilichomo ndani ya vitabu vyenyewe. Kitabu huhesabiwa kama kinavyohesabiwa chandarua: ama kimefika kijijini, ama hakijafika. Makala haya yanatathmini juhudi mbili ambazo zimechangia pakubwa usomaji wa watoto katika Kiswahili, yaani Children's Book Project for Tanzania (hapa utaitwa Mradi wa Vitabu vya Watoto) na African Storybook, kwa kutumia kigezo hicho kinachosahauliwa. Hoja yake ni kwamba hisani ya usomaji ni kazi ya uchapishaji kabla ya kuwa kazi ya ugawaji, na kwa hiyo inapaswa kuhukumiwa kama mchapishaji anavyohukumiwa: kwa matini.

Mradi wa 1991

Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianzishwa Dar es Salaam mwaka 1991 kwa msaada wa CODE, shirika la hisani la Kanada. Mazingira ya kuzaliwa kwake yanaeleza mengi. Kampeni za elimu ya watu wazima za miaka ya 1970 zilikuwa zimewafundisha kusoma mamilioni ya Watanzania, kiasi kwamba takwimu rasmi za 1986 ziliweka idadi ya watu wazima wasiojua kusoma chini ya asilimia 10. Sensa ya 2002 ilikuta kundi hilo limekaribia theluthi ya watu. Sababu za anguko hilo ni nyingi, na kushuka kwa uandikishaji wa shule za msingi ni mojawapo iliyo kubwa. Hata hivyo, kuna sababu nyingine ambayo wanafasihi wana haki ya kuisisitiza: waliofundishwa kusoma hawakuwa na kitu cha kusoma. Uchapishaji ulikuwa mikononi mwa mashirika ya umma, Tanzania Publishing House iliyoundwa mwaka 1966 ikiwa mojawapo, na msukosuko wa uchumi wa miaka ya 1980 ulikausha karatasi, wino na fedha kwa pamoja. Kilichobaki kikatengwa kwa ajili ya vitabu vya kiada. Kitabu cha hadithi, ambacho mtoto hukisoma bila kutarajia mtihani, kikawa kitu cha anasa.

Jibu la mradi lilikuwa la werevu usiosifiwa vya kutosha. Badala ya kuagiza shehena za vitabu vilivyotumika kutoka Ulaya na Amerika, kama yalivyofanya na yanavyoendelea kufanya mashirika mengi, mradi uliamua kununua kutoka kwa wachapishaji wa Tanzania. Mchapishaji alileta mswada. Mswada ukasomwa na kutathminiwa. Ukikubaliwa, mradi uliahidi kununua sehemu ya nakala na kuzigawa shuleni, hasa vijijini, na nakala zilizosalia mchapishaji akaziuza mwenyewe. Sambamba na hilo ziliendeshwa warsha za waandishi, wachoraji na wahariri. Fedha ya hisani, kwa maneno mengine, ilipita kwanza mikononi mwa watu wanaotunga kwa Kiswahili, ndipo ikamfikia mtoto ikiwa imegeuka hadithi. Kampuni changa zilizojitokeza ukiritimba wa dola ulipolegea zilipata mnunuzi wa hakika katika soko ambalo halikuwa na wanunuzi.

Uhakika huo una bei yake, na tathmini ya haki haiwezi kuificha. Mchapishaji anayejua kwamba nakala zake zimekwisha nunuliwa na mradi hana sababu kubwa ya kumtafuta mzazi wa Kariakoo au mwenye duka la vitabu wa Mbeya. Anayemridhisha ni kamati ya tathmini. Na kamati, kwa desturi ya kamati zote za vitabu vya watoto, hupenda kitabu kinachoonya. Hadithi za watoto za Kiswahili za kipindi hiki, na si za mradi huu peke yake, zimejaa mtoto mtoro anayejuta, mtoto mchafu anayeugua, na mtoto msikivu anayepewa zawadi katika ukurasa wa mwisho. Ngano za Sungura na Fisi, ambamo mjanja hushinda bila kutubu, zilikuwa huru zaidi kuliko vitabu vilivyokuja kuzirithi.

Doa la pili ni la sera ya lugha. Kuanzia mwaka 2008, CODE kupitia mradi huohuo ilileta Tanzania tuzo ya Burt ya fasihi ya Kiafrika kwa vijana, ambayo miswada yake ilitakiwa iwe ya Kiingereza. Utetezi wake unafahamika: elimu ya sekondari hutolewa kwa Kiingereza, na mwanafunzi anayetoka darasa la saba akiwa na Kiswahili pekee anahitaji ngazi ya kupandia. Utetezi huo una uzito. Lakini matokeo yake kifasihi ni kwamba msomaji wa Kiswahili alisindikizwa mpaka umri wa miaka kumi na miwili au mitatu, kisha akaachwa mlangoni. Tuzo hiyo ilimwambia mwandishi chipukizi wa riwaya ya vijana kwamba fedha na heshima zipo upande wa pili wa uzio, na pengo la riwaya ya Kiswahili kwa wasomaji wa umri huo likaachwa kama lilivyokuwa.

Hadithi zisizo na mwenyewe

African Storybook ni juhudi ya aina tofauti kabisa. Iliasisiwa na Saide, shirika lisilo la kiserikali la Johannesburg, na hifadhi yake ya hadithi katika intaneti imekuwa wazi tangu 2014. Kenya, Uganda, Lesotho na Afrika Kusini zilikuwa nchi za majaribio. Hadithi zake zina leseni huria. Mwalimu yeyote anaweza kuzipakua, kuzichapa, kuzitafsiri na hata kuzibadilisha bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa lugha ambazo hazijawahi kuwa na kitabu hata kimoja cha mtoto, jambo hili ni ukombozi, na hakuna hoja ya makala haya inayokusudiwa kulipunguza.

Kiswahili, hata hivyo, si lugha ya namna hiyo. Kina fasihi andishi ya karne kadhaa, kina istilahi, kina wahariri. Kwa hiyo kinaweza kudai zaidi ya kuwepo tu. Dai la kwanza linahusu ngazi. Hadithi za African Storybook zimepangwa katika ngazi tano, kutoka maneno ya kwanza hadi hadithi za kusomewa kwa sauti, na wingi wa maneno katika ukurasa ni nguzo kuu ya mpangilio huo. Kwa Kiingereza kipimo hicho kina mantiki. Kwa lugha ambishi bainishi kama Kiswahili, neno si kipimo kimoja cha ugumu.

Tuchukue sentensi iliyotungwa kwa ajili ya mfano: "Hawakutuambia kwamba mto ulikuwa umejaa." Ina maneno 5 na silabi 19. Maana hiyohiyo kwa Kiingereza cha kawaida huchukua maneno 10 na silabi 11. Tafsiri inayobaki katika ngazi ya matini chanzi itamkabidhi mtoto wa Kiswahili karibu silabi mbili kwa kila silabi moja ya mwenzake, na juu yake neno la kwanza lenye kikanushi, nafsi ya mtenda, njeo, nafsi ya mtendwa na mzizi, vyote vikiwa vimeshikana bila nafasi. Kwa macho ya mpangaji wa ngazi, ukurasa huo ni mwepesi: una maneno 5 tu. Kwa macho ya mtoto wa darasa la kwanza, neno moja limeziba njia.

Kasoro hiyohiyo imo katika vipimo vya kasi vinavyopendwa na wafadhili. Silabi za Kiswahili ni wazi na tahajia yake ni ya kutegemewa. Mtoto aliyekamata silabi anaweza kutamka karibu chochote kabla ya kukielewa. Neno "hakutupa" linatosha kuonyesha. Likichanganuliwa kwa njia moja, mtu hakurusha kitu. Likichanganuliwa kwa njia nyingine, hakutupatia sisi kitu. Herufi ni zilezile, silabi ni zilezile, na saa ya mpimaji itawapa alama sawa mtoto aliyeelewa maana inayokusudiwa na yule aliyeelewa nyingine au asiyeelewa lolote. Kinachowatofautisha ni muktadha, yaani hadithi. Ndiyo maana ubora wa hadithi si pambo la kuongezwa baada ya stadi kukamilika. Katika Kiswahili ni sehemu ya stadi yenyewe.

Dai la pili linahusu usimulizi. Tafsiri za hadithi za watoto kutoka Kiingereza, ndani na nje ya African Storybook, zina alama ambazo msikilizaji wa Kiswahili huzitambua upesi. Ya kwanza ni kutoweka kwa -ka-. Msimulizi wa Kiswahili hufungua kwa -li- kisha huachia -ka- ibebe mwendo: "Sungura alitoka, akamwona Fisi, akakimbia." Mfasiri aliyetekwa na njeo iliyopita ya Kiingereza huandika: "Sungura alitoka. Aliona Fisi. Alikimbia." Sarufi haijavunjwa waziwazi, lakini matukio matatu yamelala kila moja mahali pake, hakuna linalomsukuma mwenzake, na Fisi amepoteza kiambishi chake cha mtendwa kana kwamba ni jiwe lililoonwa njiani. Alama ya pili ni "yeye" na "yule" zilizotapakaa ili kujaza nafasi za viwakilishi na vibainishi ambavyo Kiswahili hakivihitaji. Ya tatu ni ukimya wa tanakali. Mahali ambapo bibi angesema jiwe lilitumbukia chubwi, tafsiri husema jiwe liliingia majini, basi.

Mtoto anayejifunza kusoma kwa matini za namna hii hujifunza jambo lisilokusudiwa, kwamba lugha ya kitabuni ni lugha nyingine, isiyo ile ya nyumbani wala ya barazani. Mtoto wa Pwani hulihisi hili haraka, na yule wa bara, ambaye pengine Kiswahili ni lugha yake ya pili, hana hata mahali pengine pa kukisikia kilivyo. Kwake tafsiri hiyo ndiyo Kiswahili chenyewe.

Mhariri yuko wapi?

Tofauti ya msingi kati ya juhudi hizi mbili si karatasi na intaneti. Ni mhariri. Mradi wa Vitabu vya Watoto, pamoja na kamati zake zenye kupenda maonyo, ulimweka mtu kati ya mswada na mtoto, na ulimlipa mtunzi kupitia mchapishaji wake. African Storybook iliondoa vizuizi ili hadithi zisambae, na mlinzi wa matini alikuwa mmoja wa vizuizi vilivyopunguzwa. Leseni huria pia haimwachii mwandishi mrabaha, na mwandishi asiyetarajia malipo huandika hadithi moja ya hiari, mara chache kumi. Kwa lugha isiyo na wachapishaji hasara hiyo haionekani. Kwa Kiswahili, ambacho wachapishaji wake wa hadithi wamedhoofika zaidi tangu Tanzania iliporudisha uandaaji wa vitabu vya kiada mikononi mwa taasisi ya serikali katikati ya muongo wa 2010, ni mshindani mpya asiye na bei.

Kwa mizani ya matini, basi, mradi wa 1991 ulikuwa na muundo bora zaidi, ingawa haukuutumia kwa ujasiri uliostahili. Na African Storybook ina ufikaji bora zaidi, ikibeba matini ambazo hazijapata uangalizi unaolingana na ufikaji huo. Upungufu wa kwanza sasa ni vigumu kuurekebisha, kwa kuwa vitabu vile vimekwisha chapwa. Wa pili unarekebishika. Leseni ileile inayomruhusu mtu kutafsiri humruhusu mwingine kuhariri: kurudisha -ka- palipotoka, kugawa upya kurasa kwa hesabu ya silabi na viambishi badala ya maneno, kuandika toleo la ngazi ya kwanza ambalo vitenzi vyake vina viambishi viwili badala ya vitano. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki zina wanafunzi wa tafsiri na isimu wanaotafuta data kila mwaka. Hadithi hizo zipo wazi, na hakuna anayehitaji kuombwa ruhusa.