Rimu za Aloi kwa Subaru ya Spoti katika Pwani ya Kusini: Uchambuzi wa Uchaguzi Wake

Safari Rally iliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, baada ya kukosekana humo tangu 2002, magari ya daraja la juu yalifungwa rimu za kipenyo cha inchi 15, ilhali magari hayo hayo hufungwa rimu za inchi 18 yanaposhindana juu ya lami. Vipimo vya tairi zake vinaeleza sababu. Tairi ya changarawe ya 205/65 kwa rimu ya 15 ina upana wa milimita 205, na ukuta wake, yaani sehemu ya mpira iliyo kati ya rimu na uso unaokanyaga barabara, una kimo cha asilimia 65 ya upana huo, takriban milimita 133. Tairi ya lami ya 235/40 kwa rimu ya 18 ina ukuta wa milimita 94 tu. Hata hivyo, kipenyo kizima cha gurudumu ni takriban milimita 648 kwa ile ya kwanza na 645 kwa ile ya pili. Gurudumu halikuongezeka wala kupungua kwa kiasi cha kujali, bali wahandisi walipunguza chuma na kuongeza mpira pale mawe yalipotarajiwa.

Hesabu hiyo inamhusu moja kwa moja mwenye Subaru Impreza WRX anayeishi Kibuyuni, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani kilicho ufukweni upande wa Shimoni. Barabara kuu ya A14, itokayo Likoni kupitia Ukunda na Msambweni hadi Lunga Lunga, ni ya lami, lakini njia za kuingia vijijini hupita juu ya mchanga na mwamba wa matumbawe wenye makali. WRX ya mwaka 2002 iliuzwa na tairi za 205/55 kwa rimu ya 16, zenye ukuta wa karibu milimita 113. Anayepanda hadi rimu ya 18 kwa tairi za 225/40 hubakiwa na milimita 90, na zile milimita 23 zilizopotea ndizo ambazo zingebonyea jiwe lilipogonga, kabla pigo halijafika kwenye ukingo wa aloi.

Uzito nao una nafasi yake. Rimu, tairi na breki ni uzito usiobebwa na springi, kwa hiyo kadiri unavyozidi ndivyo shokamzoba inavyoshindwa kulirudisha gurudumu chini haraka baada ya tuta. Zaidi ya hayo, chuma kilicho mbali na kitovu ni kizito zaidi kukizungusha na kukisimamisha, kwa kuwa ukinzani wake huongezeka kwa mraba wa umbali wake kutoka katikati. Rimu pana ya inchi 18 iliyosubiwa kwa bei nafuu inaweza kulifanya gari lipoteze wepesi uleule ambao mnunuzi alidhani anaununua. Kusubu ni kuyeyusha aloi na kuimimina katika kalibu, na kwa kawaida hutumika alumini yenye silikoni ya takriban asilimia 7; kufua ni kuikandamiza aloi ngumu kwa shinikizo kubwa, jambo linaloshikamanisha chembe zake hata rimu iwe nyepesi bila kupoteza nguvu, ingawa bei hupanda sana.

Makosa mengi, hata hivyo, hutokea katika vipimo vya kufungia. Duara la boliti ni kipenyo cha mduara unaopita katikati ya boliti za gurudumu. Impreza WRX kwa miaka mingi ilikuwa na boliti tano katika duara la milimita 100, lakini toleo la STI lilihamia milimita 114.3 kuanzia modeli ya 2005, na WRX ikafuata kuanzia modeli ya 2015. Kwa kuwa Toyota Mark X, gari linaloonekana sana nchini Kenya, nayo ina boliti tano katika duara la 114.3, rimu zake huuziwa wenye STI kana kwamba zinalingana kabisa. Hazilingani. Tundu la katikati la rimu ya Mark X lina kipenyo cha milimita 60.1, ilhali habu ya Subaru ina milimita 56.1, hivyo hubaki mwanya wa milimita 2 kila upande, na bila pete ya kuuziba rimu inaweza kukaa kombo na usukani ukatetemeka kwa mwendo wa kasi. Nati pia zinatofautiana: za Toyota zina hatua ya nyuzi ya milimita 1.5 na za Subaru 1.25, na nati ya Toyota inayolazimishwa kwenye boliti ya Subaru huharibu nyuzi.

Ofseti ndicho kipimo kisichoonekana kwa macho dukani. Ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso wake unaogusa habu, na kadiri unavyopungua ndivyo gurudumu linavyotoka nje ya bodi. STI ya 2004 ilikuwa na rimu ya inchi 17 yenye upana wa inchi 7.5 na ofseti ya milimita 53. Ikibadilishwa kwa rimu yenye upana wa inchi 8.5 na ofseti ya 35, ukingo wa nje husogea milimita 12.7 kwa sababu ya upana na 18 kwa sababu ya ofseti, jumla milimita 30.7. Tairi huanza kukwaruza madigadi gari linapobeba abiria wa nyuma, beringi huelemewa, na usukani huvutwa huku na huko kwenye mashimo. Gari huonekana limepanua kifua, lakini kazi ya waliolisanifu imevunjwa.

Adui mwingine wa Pwani ya Kusini ni chumvi. Kaskazi na kusi huileta hewani mwaka mzima, na alumini, ambayo hujikinga kwa tabaka jembamba la oksidi, hutobolewa na chumvi pale ambapo vanishi imekwanguka. Rimu zilizochongwa uso hadi zikang'aa, kisha zikafunikwa vanishi angavu tu, ndizo za kwanza kudhurika, kwa kuwa ulikaji hutambaa chini ya vanishi kama nyuzi nyeupe. Rimu iliyopakwa rangi nzito yote, pamoja na upande wa ndani, hudumu zaidi. Vipande vya kusawazisha gurudumu vya kubandika ndani ni bora kuliko vya kubana ukingoni, ambavyo hukata rangi, na pete ya habu ya plastiki ni bora kuliko ya alumini, kwa kuwa alumini inayogusana na chuma penye maji ya chumvi hulika hadi rimu ikang'ang'ania habu.

Rimu zilizotumika Japani huwa na alama ya JWL, inayotamka kuwa rimu imetengenezwa kwa kiwango cha Japani cha magurudumu ya aloi, na pengine VIA, inayothibitisha ukaguzi wa taasisi huru. Alama hizo hazisemi lolote juu ya nyufa zilizopatikana baadaye, hivyo ukingo wa ndani ukaguliwe kwa tochi kabla ya kulipa, na rimu yenye ufa uliochomelewa ikataliwe, kwa sababu moto wa kuchomelea huondoa ugumu uliotokana na upashaji wa kiwandani.

Kwa WRX inayotumiwa kati ya Diani na Kibuyuni, chaguo sahihi ni rimu ya inchi 16 yenye ofseti inayokaribia ya kiwandani, iliyopakwa rangi yote. STI yenye breki kubwa za Brembo haina budi kutumia inchi 17, kwa kuwa kalipa zake hazienei ndani ya 16. Rimu ya inchi 18 inamfaa tu asiyetoka kwenye lami.