"Peponi" Katika Kabati la Shule

Mama mmoja wa parokia alitukuta tumeketi barazani na kitabu mkononi, akasoma jina lake, "Peponi", akatusifu sana, akidhani twasoma habari za mbinguni. Ilitubidi kumweleza kwamba sivyo. Kitabu hiki ni hadithi ndefu ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja mwaka 1948, aliyehamia Uingereza akiwa kijana. Aliitunga kwa Kiingereza, nayo ikatoka mwaka 1994. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi, na mwaka uliofuata Ida Hadjivayanis akaileta hadithi hiyo katika Kiswahili, ikapigwa chapa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota.

Habari za tuzo hiyo zimefika hata kwetu Pepa, huku juu Marungu, kwenye baridi, ambako ng'ombe ni rahisi kuonekana kuliko vitabu. Basi watu wameuliza: je, kitabu kilichosifiwa ng'ambo chafaa kuwekwa katika kabati la shule, mbele ya watoto wetu? Swali hili si dogo. Mwenye vitabu elfu akikosea kimoja, hasara ni ndogo. Mwenye vitabu ishirini akikosea kimoja, watoto watakaa nacho miaka mingi.

Hadithi yenyewe ni hii. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa na tajiri Aziz, mtu aliyezoea kumhesabu kama ndugu wa wazazi wake. Kumbe baba yake ana deni, na mtoto amewekwa rehani. Baadaye anafuatana na msafara wa tajiri huyo kwenda bara. Wanapita nyika na misitu, wanauguliwa na kufiwa, wanavuka ziwa kubwa, wakaingia ng'ambo hii yetu. Huko mtawala aitwaye Chatu anawanyang'anya mali yao yote, mpaka anapofika Mzungu na askari wake na kukata shauri kwa nguvu zake.

Tulisoma sehemu hiyo kwa sauti mbele ya vijana wachache wa masomo ya juu. Walisikiliza kwa utulivu mpaka tulipofika mahali watu wa msafara wanapowaita watu wa bara washenzi. Kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, hao ndio sisi?" Hatukumjibu upesi, wala hatuoni haya kukiri hivyo. Tangu siku hiyo swali lake limekuwa kipimo chetu cha kitabu hiki.

Kwanza yafaa kusema mema yake. Gurnah hafichi aibu ya misafara ile. Anaonyesha wazi kwamba biashara ya fahari ilibeba madeni, hila na watoto wasio na kosa. Wazee wetu wa kando ya ziwa hawakuhitaji kitabu ili kujua hayo. Mpala, kituo kilichoanzishwa mwaka 1883 na kukabidhiwa Mapadri Weupe mwaka 1885, kilipokea watu wengi waliokombolewa utumwani. Tena Gurnah anampa Chatu kinywa cha kujitetea. Chatu anasema kwamba kabla ya hao walikuja wengine wakamdanganya, na kwamba anachokitwaa ni malipo ya uovu uliotangulia. Msomaji mwangalifu atatambua kwamba neno washenzi ni la watu wa msafara, si hukumu ya mtunzi. Naye Yusuf, kwa kadiri anavyoona mambo, anawaamini wakubwa wake kidogo kidogo tu.

Lakini tuna neno juu yake. Hadithi yote yatazama bara kwa macho ya mgeni aliyechoka na mwenye hofu. Maneno ya Chatu yatufikia kwa kinywa cha mkalimani. Msafara hauketi kwa amani jikoni kwa mama yeyote wa huku, wala hausikii wazee wakicheka jioni. Sisi hatumlaumu mtunzi kwa hayo, maana aliandika juu ya mtoto wa pwani, na mtoto huyo hakuweza kuona zaidi. Twasema tu kwamba wahenga walinena kweli: msema pweke hakosi. Kitabu hiki kikikaa peke yake kabatini, kijana wa Marungu atajiona kila siku kwa macho ya mpita njia.

Kwa hiyo kinahitaji jirani, na jirani yuko karibu sana. Stefano Kaoze, Mtabwa wa nchi hii ya milima na ziwa, alikuwa bado mseminari alipoandika kwa Kifaransa maelezo juu ya nafsi na fikira za Wabantu. Yalitoka katika gazeti la Ubelgiji "La Revue congolaise" mwaka 1910 na 1911. Mwaka 1917 alipewa upadri huko Baudouinville, ndiyo Kirungu ya leo, padri wa kwanza Mkongo wa nyakati hizi. Akafa mwaka 1951. Wengi wetu twalijua jina lake kwa sababu ya upadri wake, lakini ni wachache waliosoma ukurasa mmoja wa kazi yake.

Tazameni jinsi wawili hawa wanavyofanana. Kila mmoja aliandika kwa lugha ya watu wa mbali, na watu wa mbali ndio waliomsoma kwanza. Gurnah amepata mfasiri wa kumrudisha katika Kiswahili. Kaoze naye twatamani kumwona mikononi mwa wanafunzi wetu, kwa Kiswahili wanachokielewa.

Tuzo ni jambo jema. Ile iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell imewatia moyo watungaji wa Kiswahili. Na ile ya Mwalimu Nyerere imefanya vivyo hivyo Tanzania tangu mwaka 2022. Hata hivyo, tuzo haimfikishi mtoto kwenye kitabu. Yahitaji mwalimu anayefungua kabati badala ya kulifunga kwa kuogopa vitabu visichakae, na mzazi anayemwachia mtoto saa moja ya mchana kabla giza halijaingia.

Basi shauri letu ni hili. "Peponi" kiwekwe kabatini, kwa vijana wakubwa tu, maana kina mambo yasiyofaa kwa wadogo, na mwalimu akisome pamoja nao. Yule kijana tulimjibu hatimaye. Tulimwambia, "Hao ni babu zetu walivyoonekana na watu waliokuwa na haraka ya kuondoka. Wewe umekaa. Andika ulivyowaona." Ameomba daftari, nasi tumempa.