Jina ni deni: Ubuntu na Ushahidi

Wandugu wahitimu, tumezoea kupima programu kwa bei na kwa wepesi wake. Leo mimi napima jina tu, kwa sababu jina linaahidi kitu, na mwenye kuahidi anadaiwa.

Kuna majina yasiyodaiwa kitu. Git, ambamo waandishi wengi wa programu wanatunza kazi yao, ilipewa jina na Linus Torvalds mwaka 2005. Katika Kiingereza cha mtaani kule Uingereza ni tusi la mtu mpumbavu, naye alitania kwamba anaita kazi zake kwa jina lake mwenyewe. Mchezo tu, basi.

Ubuntu haiko mchezo. Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa toleo la kwanza mwaka 2004, akachukua neno la Kizulu na Kixhosa, lile sisi tunaita utu na Waluba wanaita bumuntu. Kwa wasemaji wa Kirundi na Kinyarwanda, neno hilo linabeba ukarimu, na "ku buntu" maana yake ni bure. Hapo jina lililipa deni: mfumo ni wa bure, na mpaka mwaka 2011 kampuni yake Canonical ilikuwa inatuma CD kwa posta bila kuomba hata senti moja. Lakini kuanzia toleo la Oktoba 2012, ukitafuta faili yako ndani ya mashini yako, maneno uliyoandika yalikwenda nje, ukaletewa bidhaa za Amazon. Ilingojewa mpaka 2016 ndipo jambo hilo likazimwa kwa kila anayeanza upya. Jirani anayesikiliza dirishani kwako kisha anakuletea mchuuzi, huo ni utu gani?

Sasa Ushahidi. Ilizaliwa Kenya mwezi wa kwanza 2008, kati ya fujo za baada ya uchaguzi, kwa mikono ya Ory Okolloh na wenzake. Watu walituma habari za fujo kwa SMS na kwa intaneti, zikawekwa kwenye ramani. Mwisho wa mwaka ule ule ikatumika pia kwa vita vya mashariki mwa nchi yetu. Hii jina, mama wa sokoni analielewa mbele ya kufungua programu: sema uliloona. Lakini ni jina kali. Uvumi hauko ushahidi, kwa hiyo mwenye ramani analazimika kuhakikisha kila ripoti. Asipofanya hivyo, jina lenyewe linamshitaki.

Njo maana nawaambia ninyi mnaoandika TFC za informatiki: neno la lugha yetu si rangi ya kupaka jalada. Programu inaitwa Umoja, na mwenye nenosiri ni mtu mmoja. Inaitwa Msaada, na kila kitufe ni cha Kiingereza. Mtumiaji akija kutudai lile neno, tutalipa na nini?