Majeraha Yasiyo na Neno

Mchungaji yuko mimbarani huko Pennsylvania, Marekani, na mara damu inachuruzika kutoka viganjani mwake. Washarika wanastaajabu. Baada ya ibada ananyongwa, nao wapelelezi wanagundua kwamba damu ile ilikuwa ya bandia. Ndivyo kinavyoanza kipindi cha "Revelations" katika mfululizo wa televisheni uitwao The X-Files, kilichoandikwa na Kim Newton na kuonyeshwa mara ya kwanza tarehe 15 Desemba 1995.

Kwa kawaida katika mfululizo huo Fox Mulder ndiye mwepesi wa kusadiki mambo yasiyoelezeka, naye Dana Scully, aliye daktari, hudai ushahidi. Hapa nafasi zao zimegeuzwa. Kevin, mtoto wa Ohio, anatokwa na damu darasani kana kwamba ana majeraha ya Kristo. Scully, aliyelelewa katika Kanisa Katoliki, anasadiki kwamba amewekwa kumlinda. Mulder, mwenye kusadiki viumbe wa sayari nyingine, anamdhihaki. Mabishano yao yameandikwa vizuri sana, maana yanaonyesha jinsi mtu awezavyo kusadiki mengi na bado asiwe na nafasi kwa ajili ya Kristo.

Hata hivyo sina budi kulaumu. Kipindi hiki chauliza swali moja tu: alama ipi ni ya kweli, na ipi ni ya uongo? Scully anafuata dalili, tangu maiti yenye harufu ya maua hata kiwanda cha karatasi mahali paitwapo Jerusalem, mpaka anampata mtoto. Imani imefanywa kuwa upelelezi. Huko Heidelberg mwaka 1518 Luther alitofautisha theolojia ya utukufu na theolojia ya msalaba. Hii ni ile ya kwanza, ijapokuwa imevikwa majeraha. (Muuaji, tajiri mwenye mikono iunguzayo, ni shetani wa vitabu vya picha, tumwache.) Yule mchungaji anitishaye zaidi anasahauliwa upesi. Alikuwa na Neno la kuhubiri, akaona halitoshi. Ni nani kati yetu asiyepata kushawishiwa hivyo mimbarani?

Mwishoni Scully anaingia katika kitubio, baada ya miaka sita. Hakuna damu, wala harufu ya maua. Anamwambia padre kwamba anaogopa: huenda Mungu anasema, lakini hakuna anayesikiliza. Hayo ndiyo maneno ya mwisho kusikika.