Mwiko wa Jikoni na Suala la Kuanza Upya: Uhakiki wa Filamu ya Chef

Utangulizi

Wahakiki wetu wamezoea kuishughulikia tanzia kwa uzito na kuipita ramsa kwa haraka, kana kwamba kicheko hakina jambo la kutufundisha juu ya jamii. Mazoea haya yana hasara. Tanzia hutuonyesha namna jamii inavyoogopa kuanguka. Ramsa hutuonyesha namna jamii inavyodhani aliyeanguka huinuka, na kwa msaada wa nani. Makala haya yanakusudia kuchunguza ramsa moja ya aina hiyo, nayo ni filamu ya Chef, iliyotungwa na kuelekezwa na Mmarekani Jon Favreau na kutolewa mwaka 2014. Favreau mwenyewe ndiye anayeigiza mhusika mkuu.

Huenda msomaji akauliza filamu hii inatuhusu nini. Jibu letu lina sehemu mbili. Kwanza, ni filamu juu ya jiko, na jiko ni mahali ambapo lugha, kazi na tabaka hukutana waziwazi. Pili, ni filamu juu ya kuanza upya, na maneno hayo yana historia yake hapa Meru. Kaaga, ambako Wamethodisti walianzisha misheni mwaka 1912, watu walihubiriwa kwamba kuanza upya ni kutubu, kuliacha lililopita na kuingia katika maisha mengine. Miaka 102 baadaye maneno yayo hayo yalipata maana ya kiuchumi. Tarehe 24 Juni 2014, mwaka uleule wa filamu hii, Uingereza ilianza kutekeleza marufuku ya miraa, na soko ambalo wakulima na wachuuzi wa Igembe na sehemu nyingine za Nyambene walikuwa wakilitegemea likafungwa kwa amri ya siku moja. Kwa mtazamaji wa huku, basi, swali la mtu aliyepoteza kazi na kulazimika kuanza tena si la kuburudisha tu.

Muhtasari wa Hadithi

Carl Casper ni mpishi mkuu katika mkahawa mmoja wa Los Angeles. Anapopata habari kwamba mhakiki mashuhuri wa vyakula, Ramsey Michel, atakuja kula, anataka kupika vyakula vipya. Mwenye mkahawa, Riva, anamwamuru arudie vilevile vya zamani. Mhakiki anaandika kwa ukali, na Casper, asiyeijua vyema mitandao, anajikuta katika ugomvi wa hadharani kwenye Twitter. Anaacha kazi, kisha anarudi mkahawani na kumfokea mhakiki mbele ya wateja, na simu za wateja zinaieneza aibu yake kila mahali.

Inez, aliyekuwa mkewe, anamshawishi waende Miami pamoja na mtoto wao Percy. Huko Marvin, mume wa kwanza wa Inez, anampa Casper gari kuukuu la kuuzia chakula. Martin, aliyekuwa msaidizi wake jikoni, anaacha kazi na kumfuata. Watatu hao wanalisafisha gari, wanaliita El Jefe, na kusafiri kutoka Miami hadi New Orleans, Austin na hatimaye Los Angeles, wakiuza mikate ya Kikuba iliyojazwa nyama ya nguruwe na jibini. Mwishoni mhakiki yuleyule anajitolea kugharamia mkahawa mpya, na Casper na Inez wanaoana tena.

Muundo huu wa anguko, safari na marejeo haukosi kufanana na mahubiri ya toba. Tofauti ni kwamba hapa wokovu unapatikana barabarani, na ushahidi wake ni foleni ya wateja.

Mpishi, Fundi na Mkuu

Jina la filamu lenyewe linampa mfasiri kazi. Neno la Kifaransa chef, ambalo Kiingereza kimelichukua, na neno la Kihispania jefe lililoandikwa kwenye gari, yana asili moja: neno la Kilatini lenye maana ya kichwa. Kwa hiyo Percy anapoitikia amri za baba yake kwa cheo hicho, anaitikia kichwa cha kazi. Tukitafsiri kwa neno “mpishi” tunapoteza heshima hiyo. Katika historia yetu mpishi alikuwa mtumishi. Katika nyumba za walowezi alikuwa mwanamume mtu mzima aliyeitwa “boi”, akiamrishwa kwa Kisetla, yaani Kiswahili kilichokatwa viambishi na adabu na kubakizwa amri peke yake. Neno linalokaribia maana ya filamu ni “fundi”, kwa kuwa fundi ni bwana wa kazi yake, na mwanafunzi wake humtii kwa sababu ya ujuzi na si kwa sababu ya mshahara.

Filamu yenyewe inalijua jambo hili la lugha, ingawa hailisemi. Inez na Martin huzungumza Kihispania, na muziki wa asili ya Kuba unaisindikiza safari. Katika mkahawa wa Riva lugha hiyo imo jikoni lakini haimo katika orodha ya vyakula. Katika gari, lugha ya wasaidizi ndiyo inayolipa gari jina na chakula chake asili. Hilo ni badiliko kubwa, na ni moja ya sababu za furaha tunayoipata nusu ya pili ya filamu. Hata hivyo badiliko hilo lina mpaka: jikoni lugha ni ya Martin, lakini “mkuu” ni Casper.

Mwiko

Kiswahili kina neno moja lenye maana mbili zinazotufaa sana hapa. Mwiko ni kifaa cha kusongea na kupakulia, na mwiko ni jambo lisilotendwa. Filamu hii inafikia kilele chake cha kimaadili pale ambapo maana hizi mbili zinakutana.

Vibarua wamesaidia kupandisha vifaa vizito garini, na kwa shukrani wanaandaliwa mikate bila malipo. Percy anauunguza mkate mmoja na yuko tayari kuupeleka. Anapoulizwa, anajitetea kwamba watu hao hawalipi. Casper anamtoa nje ya gari na kumweleza kwamba hana sifa nyingi maishani, wala hakuwa mume bora au baba bora, lakini kazi hii anaiweza, na kupitia kazi hii huwagusa watu. Kisha anamuuliza tena kama mkate ule ungepelekwa. Mtoto anajibu kwamba haufai.

Tuliangalie jambo hili kwa makini. Mtoto hakusema kwamba mkate ulioungua ni mzuri. Alisema kwamba unawatosha wasio na fedha. Kwa neno hilo moja amerudia falsafa yote ya soko: ubora ni wa anayelipa. Baba anaikataa falsafa hiyo mahali inapoota, katika kinywa cha mwanawe, na anaikataa kwa ajili ya vibarua. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Filamu inaongeza kwamba anayemlisha mwenye njaa hana budi kuwa nayo. Hili ndilo jambo la kweli zaidi katika hadithi nzima.

Pia kuna methali mbili ambazo filamu hii inazipima upya. Ya kwanza ni kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa Casper tembo limetiwa maji, lakini si kwa ajili ya majivuno ya mgema. Limetiwa maji kwa amri ya mwenye mnazi, ambaye amegundua kwamba tembo la jana linauzika. Hoja ya Riva si ya kijinga: anasema mteja huja kutafuta alichokizoea, kama mtu anayekwenda kwenye tamasha akidai wimbo uliompa mwimbaji umaarufu. Lakini mhakiki anamlaumu mgema bila kuuliza shamba ni la nani. Methali ya pili ni chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa kilichotulia ndicho kilichochakaa, na chema ndicho kinachozunguka kwa magurudumu manne.

Koleo Jipya Lanunuliwa na Nani?

Tukiishia hapo tutakuwa tumeisifu filamu kupita stahili yake. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na Casper ni mfano mzuri wa methali hiyo. Lakini methali haisemi koleo jipya hununuliwa kwa fedha ya nani. Filamu nayo inalinyamazia swali hilo. Gari linatoka kwa tajiri aliyewahi kumwoa Inez. Nauli na malazi ya Miami havimsumbui mtu. Msaidizi anaacha kazi ya mshahara bila kujua atalipwa nini. Mtoto anaitangaza biashara kwa simu, hata wateja wanalisubiri gari kabla halijafika. Kila kizuizi kinapojitokeza kinayeyuka. Askari wa Miami anayekuja kulikagua gari anageuka kuwa shabiki anayetaka kupigwa picha pamoja na mpishi.

Tumlinganishe Casper na mama ntilie, ambaye jina lake limetokana na sauti ya mteja anayemwomba amtilie chakula, au na mwanamke wa kibanda karibu na soko la Gakoromone mjini Meru, anayepika pure ya mahindi na maharagwe ambayo Wakenya wengi huiita githeri. Katika miji yetu mchuuzi wa chakula anapomwona askari hajiandai kupigwa picha. Huangalia njia ya kukimbilia. Mtaji wake hutoka katika chama cha kina mama au katika mkopo. Tena, kwa Casper kupika barabarani ni mapumziko kati ya mkahawa mmoja na mwingine. Kwa mwanamke huyu barabara ndiyo mwanzo na huenda ndiyo mwisho, na hakuna anayemwita “mkuu”. Si ajabu kwamba katika filamu hii wanawake wawili, Inez na Molly wa mkahawani, wamepewa kazi ya kumfariji na kumtia moyo mwanamume, ilhali moto na mwiko vimeachiwa wanaume. Kwetu upishi wa nyumbani usio na ujira ni wa mwanamke. Ukipewa cheo na mshahara hudaiwa na mwanamume. Filamu inathibitisha kawaida hiyo bila kuitambua.

Nafasi ya Mhakiki

Jambo la mwisho linatuhusu sisi wenyewe. Ramsey Michel anapoandika mara ya kwanza, hukumu yake juu ya chakula ni sahihi: chakula kimechoka. Kosa lake ni mawili. Anaacha chakula na kuushambulia mwili na nafsi ya mpishi, na hatafuti kujua ni nani aliyeamua kitakachopikwa. Hili ni kosa ambalo uhakiki wa fasihi hulitenda pia, tunapomlaumu mwandishi kwa uhafifu wa kitabu bila kuuliza mchapishaji na mtaala wa shule vilidai nini.

Suluhisho la filamu, hata hivyo, ni baya kuliko kosa. Mhakiki anarejea akiwa na fedha, na uadui unakwisha kwa ubia wa biashara. Tunaalikwa kufurahi, na kweli tunafurahi, lakini tufahamu kilichopotea. Mpishi amempata Riva mwingine mwenye ulimi bora zaidi, na wasomaji wamempoteza mhakiki. Siku chakula cha mkahawa mpya kitakapochoka, nani atasema?

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Chef ni ramsa yenye ukweli mmoja mkubwa na ukimya mmoja mkubwa. Ukweli wake ni mwiko wa kazi, yaani kwamba asiyelipa naye hastahili mkate ulioungua. Ukimya wake ni juu ya gharama ya kuanza upya. Hatudai kwamba ramsa igeuke tanzia ili iwe ya maana. Kicheko cha watu watatu wakipika usiku kucha katika gari bovu ni haki yao na yetu. Tunachodai ni kwamba furaha ionyeshe ilikotoka. Msanii wa Meru atakayetunga ramsa yake juu ya mwaka 2014, juu ya familia ya Igembe iliyoamka na kukuta soko limefungwa, hatakuwa na tajiri wa Miami wa kumtoa katika mkwamo wa hadithi. Atalazimika kutuonyesha fedha ya jiko la kwanza imetoka wapi, nani aliuza nini, na nani aliyekopa kwa jina la nani. Endapo atafanya hivyo na bado akatuchekesha, atakuwa ameifikisha ramsa mahali ambapo Favreau hakuifikisha.