Ukuta Usikudanganye

Ukiingia darasa la awali, ukuta ndio wa kwanza kukusemesha: rangi mpya, picha za wanyama za kununua, herufi kubwa juu ya ubao. Usiusikilize. Hiyo ni kazi ya fundi rangi. Chuchumaa uwe kimo cha mtoto wa miaka 4, uangalie anachoweza kukifikia kwa mkono wake mwenyewe.

Anza na zana. Vizibo vya soda, kokoto, magunzi, vifuu. Zikiwa safi mno na zimepangwa juu ya kabati, ujue hushushwa siku ya ukaguzi. Zana inayochezewa ina dalili zake: kizibo kimepinda, kifuu kimelainika kwa kushikwa, mdoli wa kitambaa ameshonwa upya begani. Shule za awali za madrasa, mpango ulioanzia Mombasa miaka ya 1980 ukafika Zanzibar na Uganda, zimejulikana kwa zana za namna hii, za vitu vinavyookotwa hapo hapo mtaani. Wapo wazazi wanaoziona za kimaskini. Sikubaliani nao kabisa. Gari la plastiki litabaki gari. Kifuu asubuhi moja huwa kikombe, ngoma, na kipimo cha mchele dukani kwa mama.

Kisha kaa karibu na beseni la maji, na usiwe na haraka. Mtoto ana chupa iliyotobolewa tundu karibu na kitako. Anaijaza, inavuja. Anabana mdomo wa chupa kwa kiganja, mchirizi unakatika. Anaachia, unarudi. Anabana tena, safari hii akiinama kulitazama tundu. Hapo ndipo mwalimu anapopimika. Anayesema "Acha maji, utalowa" hatuna haja ya kumjadili. Wa kuangalia kwa makini ni yule mwema anayekimbilia kueleza habari za hewa: mtoto husikiliza kwa adabu, na chupa inawekwa chini. Mwalimu hodari huinama naye, akauliza, "Ukibana nusu tu, itakuwaje?" Halafu hunyamaza. Ukimya huo nauthamini kuliko cheti chochote, kwa kuwa mtoto wa umri huu mara nyingi hujibu kwa mikono, na mikono huchukua muda.

Tazama pia kosa linavyopokewa. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alionyesha kwamba watoto wadogo wakiona maji yakimiminwa kwenye chombo chembamba na kirefu, hudai yameongezeka. Kuwaambia "hapana, ni yale yale" hakuwasaidii. Darasani kwa fundi utakuta vyombo vya maumbo mbalimbali vimeachwa hapo, na watoto wanamimina huku na huku wakibishana.

Kelele zisikutie hofu. Sikiliza tu kama ndani yake mna maneno: "Zamu yangu," "Imezama!", "Wewe mteja, mimi muuzaji."

Kuhusu wingi wa watoto, tuwe waungwana. Miongozo ya Tanzania inataka mwalimu mmoja kwa watoto 25, na madarasa mengi yamepita hapo mbali. Mwenye watoto 80 usimdai kona sita za kujifunzia zilizokamilika. Toka naye uwanjani uone kama anaupa mdako uzito wake: kutupa kokoto juu, kuzoa nyingine shimoni, kurudisha na kubakiza moja. Hapo kuna hesabu ya kutosha, na akiwagawa wanne wanne, kila mmoja atapata zamu.

Kabla hujaaga, mchague mtoto yeyote umuulize mwalimu: huyu siku hizi anahangaika na nini? Ukijibiwa kuwa ni mtulivu na anazijua a, e, i, o, u, shukuru, uendelee kutafuta. Ukiambiwa kwamba tangu juzi anatafuta kokoto ngapi zitazamisha kifuu, na jana zilitosha saba lakini leo kabadilisha kifuu, omba fomu ya kumwandikisha wako.