Wimbo Uliovuliwa Mapambo

Kati ya mwaka 2010 na 2012, Suzanne Vega, mtunzi na mwimbaji wa New York aliyepata jina katika vilabu vya gitaa vya Greenwich Village, alitoa santuri nne kwa jina moja la Close-Up. Ndani yake aliziimba upya nyimbo zake za zamani kwa ala chache, sauti mbele na gitaa karibu yake. Hakuzipanga kwa miaka, bali kwa maudhui, kama mhariri apangavyo diwani: mapenzi, watu na mahali, hali za nafsi, jamaa.

Kazi hii haikutokana na sanaa peke yake. Tungo zilikuwa zake, lakini sauti zilizorekodiwa zamani zilikuwa mali ya kampuni iliyozitoa. Akaona heri aimbe tena, apate zilizo zake. Silitaji jambo hili ili kumshusha. Lakini ni desturi kusema kwamba mapambo yakiondolewa ndipo wimbo wa kweli huonekana, nami neno hilo nalitilia shaka.

Tuutazame wimbo wa Luka, uliofika nafasi ya tatu nchini Marekani mwaka 1987. Msemaji ni mtoto apigwaye nyumbani. Ajitambulisha kwa jirani, kisha amsihi asimwulize kitu. Muziki wake wa kwanza ni mchangamfu: magitaa yang'aa, ngoma yaenda mbio kwa furaha. Yumkini msomaji ataona kwamba uchangamfu huo haulingani na msiba. Mimi naona kinyume. Mtoto huyu anaficha, na muziki unaficha pamoja naye. Mtu aweza kuuimba njiani siku nyingi kabla ya kuyafahamu maneno. Siku akiyafahamu, ajikuta yeye ndiye jirani, aliyesikia kupitia ukutani na asishughulike. Hatia hiyo ni sehemu ya maana ya wimbo, wala haimo katika maneno yaliyoandikwa.

Katika santuri mpya maneno husikika mara moja, na huruma huja mapema mno. Hatudanganyiki, kwa hiyo hatushtakiwi. Aimbaye ni mtu mzima anayetusimulia habari za mtoto. Mtoto mwenyewe hayupo tena.

Nakiri kwamba kosa la namna hii nimelitenda darasani. Nimewapa wanafunzi maneno ya taarabu yaliyopigwa chapa, bila fidla wala kanuni wala mkariri wa waitikiaji, kisha nikawauliza mbona mshororo umerudiwa bure.

Hata hivyo, haifai kuhukumu santuri zote nne kwa wimbo mmoja. The Queen and the Soldier, wa mwaka 1985, ni kisa kirefu cha askari amwendeaye malkia kumwambia kwamba hatapigana tena kwa ajili yake, na mwisho wake ni kuuawa kwa amri ya malkia huyo. Kisa chahitaji msimulizi, na msimulizi hufaidika na umri. Vega wa 1985 aliuimba kama kijana aliye upande wa askari. Sauti ya 2010 ni nzito kidogo, haina haraka, na kwa mara ya kwanza nilijikuta nikimsikiliza malkia.